Vumbi ju ya madawati

Jumanne kijana wetu wa TEHAMA kaingia ofisi ya walimu na maikrofoni mpya, imevishwa sponji kama mtoto aliyevishwa kofia ya baridi. Shule inaanzisha podikasti, kasema, na mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayefungua dimba. "Mwalimu, ulishawahi kurekodi?" Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Nilishawahi. Aprili 2020, ndani ya kabati la nguo, kule Chumbageni.

Shule zilifungwa Machi 17 kwa ajili ya korona, kwa siku 30, nasi tukaamini kweli ni siku 30. Zilipopita bila dalili nikaamua kuwarekodia Kidato cha Tatu wangu ushairi kwa simu. Masika ya Tanga mnayajua, mvua ikipiga bati huwezi kuisikia hata nafsi yako. Basi nasubiri saa tano usiku, mvua ipoe, televisheni ya jirani izimwe, ndipo naingia kabatini katikati ya kanga zinazonukia udi, nafunga mlango, jasho linanitiririka. Kanga zinakula mwangwi, hilo nawaambia bure. Baba Nasra akipita anagonga, "Hodi, kuna mtu?" na somo linaanza upya. Dakika 7 kila somo, zisile bando za wazazi.

Ila wazazi wengi wana kiswaswadu, na zile sauti za WhatsApp kiswaswadu hakizifungui. Kijana wa kibanda cha kujaza nyimbo pale stendi akanigeuzia ziwe mp3, akawa anazipachika kwenye memori kadi za watu popote palipo na nafasi. Ndivyo somo langu la nne, Mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo wa shairi, lilivyofika kijiji kimoja upande wa Pangani, limebanwa katikati ya taarabu mbili.

Asubuhi moja nikabipiwa na namba nisiyoijua. Nikapiga.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa kwenye memori?"

Nikasema ndiye. Akajitambulisha, bibi wa mwanafunzi wangu mmoja. Hakupoteza muda.

"Ule mshororo wako umezidi."

Mshororo wenyewe nilikuwa nimeutunga kwa mkono wangu, na nikauonea fahari: *Shule zetu zimefungwa, vumbi juu ya madawati.* Nane na nane, kumi na sita. Ndivyo nilivyotamka kabatini, kwa sauti ya mtu mwenye shahada.

"Nilishauhesabu, bibi."

"Hesabu nikusikie, mwanangu."

Nikabana simu begani, chapati iko jikoni, nikaanza kukunja vidole. Shu-le-ze-tu-zi-me-fu-ngwa. Nane. Nikapumua. Vu-mbi-ju-u-ya-ma-da-wa-ti. Nikarudia polepole, nikianzia kidole kingine, kana kwamba kosa ni la kidole. Tisa. Kabatini nilikuwa nimeivuta ile "juu" kwa madaha, ndefu kama ya mwimbaji, halafu nikaihesabu moja. Upande wa pili bibi kanyamaza. Nasikia kuku wake tu. Chapati ilishaanza kunuka na sikuthubutu kusogea. Nilikuwa na miaka 38 na nilisimama jikoni kwangu kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Sema ju," akasema mwishowe. "Vumbi ju ya madawati. Wazee husema ju. Mshairi anaruhusiwa kupunguza, lakini ajue kwamba anapunguza."

Inkisari. Hilo lilikuwa somo la sita, sijalifikia.

Nikamuuliza alisomea wapi ushairi.

"Mimi niliishia darasa la nne. Kwani mashairi yanasomewa?"

Kutafuta pa kuficha uso, nikauliza mjukuu anaendeleaje na masomo.

"Huyo? Ukianza tu kusema anakurusha, anatafuta taarabu. Mimi sijui pa kubonyeza, ndiyo maana nakusikiliza."

Salio langu likaisha hapo.

Usiku uleule nilirejea kabatini nikarekodi upya, "somo la nne, marekebisho". Lakini lile la kwanza lilishasambaa, na kilichoingia kwenye memori kadi za watu hukirudishi. Darasani ningefuta ubao, yakaisha. Juni 29 shule zikafunguliwa, tukawa na mambo mengine. Mjukuu alifanya vizuri kwenye mizani. Sikumuuliza alifundishwa na nani.

Jana tumejaribu maikrofoni. Kijana kavaa hedifoni zake, kaniambia niseme chochote, anapima sauti tu. Likanitoka lenyewe: *Shule zetu zimefungwa, vumbi ju ya madawati.*

Akainua mkono.

"Samahani mwalimu, hapo kwenye 'juu' sauti imekatika kidogo. Turudie?"