Gari Lililokataa Mlima wa Mai Mahiu

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja tu. Juu ya nafasi ya sahihi palikuwa na mstari wa herufi kubwa: gari limeuzwa jinsi lilivyo, mahali lilipo, na pesa zikishalipwa hazirudishwi. Haukunitisha. Mwaka ule wa 2022 nilikuwa nimezunguka yadi za Barabara ya Ngong za kutosha kujua kwamba anayeukataa mstari huo hurudi nyumbani kwa matatu.

Wala sikununua kwa pupa. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries alilala chini ya gari, akalinganisha nambari ya chesisi na ile ya logibuku, yaani hati ya umiliki, akainua zulia la buti kutafuta alama za kuchomelea, akaisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Nilikuwa nimelipa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, shilingi 550 kupata rekodi za gari, nikaona halidaiwi na benki. Tukaliendesha hadi jengo la maduka la Junction na kurudi, msongamano wa jioni ukituachilia mita chache chache. Gia ziliingia laini. Mita ilisoma kilometa 64,300, na tangazo alilonitumia mwenye yadi kwa WhatsApp lilisema hivyo hivyo, tena akaongeza neno "halisi". Nikalipa shilingi 780,000, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa sacco.

Mjini lilikwenda bila neno. Kisha tukaenda Naivasha kumchukua mama mkwe, naye kama kawaida yake hakukubali kuja Nairobi mikono mitupu: buti likajaa viazi na kabichi. Tulipita lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 pale Mai Mahiu, tukaanza kupanda mlima. Hatukufika mbali. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, mshale ukaruka, lakini gari likazidi kupunguza mwendo. Lori la mchanga likatupita. Likafuata la ng'ombe.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza kutoka nyuma kwa upole, "mbona hata lori linatupita?"

Nikasimama pembeni. Lilipopoa lilikubali kwenda tena, likapanda kidogo, likakataa tena. Tuliingia Nairobi usiku tukiwa tumevutwa, viazi na vyote.

Fundi hakuhitaji muda mrefu. Mafuta ya giaboksi yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Alieleza kwamba giaboksi ya namna ile ikichoka ndani hujificha kukiwa na baridi au barabara ya tambarare. Joto likipanda na mzigo ukiwapo, huteleza. Ndiyo maana Barabara ya Ngong haikutuonyesha kitu. Kisha akainua zulia la upande wa dereva kutafuta waya fulani, akatoa kikaratasi kigumu, kile ambacho vituo vya petroli hukupa baada ya kubadilisha oili. Kilikuwa na nambari ya gari langu, tarehe ya Februari mwaka huo huo, kilometa 116,000, na kilometa za huduma ijayo: 121,000. Tulitazama kikaratasi, tukatazama dashibodi.

Mwenye yadi alinipokea kwa chai. "Mwalimu, gari ni mashine," alisema. "Na fundi wako alilipima, ama sivyo?" Kuhusu mita alisema alilipokea gari likiwa hivyo kutoka kwa aliyeliuza. Alikuwa tayari kutafuta giaboksi ya mtumba Kirinyaga Road iwapo ningelipa nusu. Nilipokataa, alifungua droo, akatoa mkataba, akaweka kidole juu ya ule mstari wa herufi kubwa.

Pale kwetu Buruburu anaishi mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Nilimpelekea karatasi zangu zote jioni hiyo. Hakuzigusa. Aliniuliza swali moja kwanza: "Mwalimu, bado unaliendesha?"

Nikasema nilikuwa nalo hapo nje, nalitumia kwenda shuleni kwa kuwa njia haina mlima.

"Liegeshe leo. Ukishajua kasoro ukaendelea kulitumia, atasema umelikubali, na sheria itamsikiliza. Kisha mwandikie. Usimpigie simu, mwandikie: kasoro ni hii, nalikataa gari, naomba pesa zangu, nakupa siku saba."

Mengine aliyonieleza usiku ule sikuwahi kuyasikia shuleni wala kwenye yadi. Kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inaingiza masharti kwenye mkataba hata kama hayakuandikwa: kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo, na muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza vitu hivyo atoe kitu chenye ubora unaokubalika sokoni. Kukagua kwangu kulinifungia tu kasoro ambazo ukaguzi ule ungepaswa kuzifichua, na giaboksi isiyoteleza ila ikipata joto haikuwa mojawapo. Kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina nguvu kuliko vimistari kama kile cha yadi: kifungu cha mkataba kinachojaribu kufuta masharti hayo ni batili. Kwamba sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa udanganyifu kusema bidhaa imetumika kidogo kuliko ilivyotumika, na inampa mnunuzi mwaka mmoja kutoa notisi ya kuvunja mkataba. Na nyuma ya yote kipo Kifungu cha 46 cha Katiba, kile cha haki za watumiaji.

"Na akisema hakujua mita imerudishwa?"

"Hujamshtaki kwa kujua. Umemshtaki kwa kuuza kitu ambacho sicho alichokitaja."

Lakini alinionya nisijione nimeshinda. Anayenunua gari lililotumika hawezi kudai hali ya gari jipya. Akanisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1965, maana sheria yetu ya mauzo ilichotwa kwenye ile ya Waingereza ya 1893. Mnunuzi aliambiwa mapema kwamba klachi ina shida, akapunguziwa bei, akachukua gari. Matengenezo yalipomgharimu kuliko alivyotarajia akashtaki, akashindwa. Kwa hiyo kila kitu kwangu kilisimama juu ya yale niliyoambiwa na yale niliyofichwa, na juu ya kile nilichoweza kuonyesha kwa maandishi.

Kuliegesha ndiko kulikonitesa. Kila mwisho wa mwezi sacco ilikata mkopo wa gari, na kila alfajiri mimi nilikuwa stendi nikisubiri matatu, gari limesimama chini ya dirisha langu, safi. Majirani walidhani sina pesa ya mafuta. Ndugu yangu alinishauri, tena kwa nia njema, nilipeleke yadi nyingine nikaliuze haraka kabla kasoro haijajulikana. Watu wengi mjini hufanya hivyo, na ndivyo gari bovu linavyotembea Nairobi kutoka mkono hadi mkono kila mtu akipunguza hasara yake kidogo. Sitasema sikulifikiria wazo hilo.

Siku saba zikapita kimya. Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Nilijaza fomu ya madai, nikaambatisha tangazo la WhatsApp, mkataba, barua yangu, ripoti ya fundi, risiti ya kuvutwa na picha ya kikaratasi.

Mwenye yadi alikuja na kijana wake wa mauzo. Alirudia habari za mstari wa herufi kubwa, na kwamba kikaratasi anaweza kukiandika mtu yeyote. Mwamuzi, mama mtulivu mwenye miwani, hakubishana naye. Alimuuliza tu kama nambari ya simu iliyotuma tangazo ni yake. Akajibu ndiyo. Akamuuliza alikuwa na ushahidi gani alipoandika "halisi". Kijana wa mauzo akaanza kutazama viatu vyake. Mwamuzi akatuambia tutoke nje, tuzungumze, turudi.

Kwenye benchi la ukumbini tulikubaliana: analichukua gari, ananirudishia shilingi 740,000 kwa awamu mbili, na mimi naachia gharama za kuvutwa na fundi. Nilipenda kupata zote, ila nilimfikiria mke wangu na ile sacco. Tuliporudi ndani niliomba sentensi moja iongezwe: kwamba akiliuza tena, amwambie mnunuzi kilometa zake za kweli. Akakataa kabisa. Mwamuzi akaniambia kwa upole kwamba ombi hilo halimo kwenye madai yangu. Makubaliano yakaandikwa bila sentensi yangu.

Awamu ya pili ilipoingia, nililihamisha gari kwenye mfumo wa NTSA na kwenda kumkabidhi ufunguo. Kabla ya kushuka nilikirudisha kile kikaratasi chini ya zulia la dereva. Nyuma yake nilikuwa nimeandika nambari yangu ya simu.

Mwaka uliofuata alinipigia mtu wa Kitengela. Alitaka kujua mimi ni nani, na kwa nini gari lake la kilometa 67,000 lina karatasi inayosema 116,000. Nyuma yake nilisikia mtoto akilia na mtu akigonga vyuma. Nilimwambia nitamweleza yote, lakini kwanza anijibu jambo moja: bado analiendesha?