Lifti bado ziko, shida ni swali la "unaenda kwa nani"

Watu wakishajua umewahi kutembea nchi hii kwa lifti wanaanza kukuuliza kama bado inawezekana, na wengi wanaouliza ni vijana wa miaka ishirini na kitu ambao wameona kwa simu mzungu na begi kubwa amesimama Mai Mahiu, kidole gumba juu, lori inasimama, anapanda, video inaisha. Jibu langu huwa ndio inawezekana, lakini kama wewe ni Mkenya kuna kitu kimoja hutaambiwa na hizo video na hata hakihusu magari.

Wacha nimalizane na magari kwanza.

Kidole gumba sahau. Huku ukitoa kidole dere anadhani unamsalimia, anakurudishia honi na anaenda zake. Unanyoosha mkono, kiganja kinaangalia lami, unakipiga piga pole pole hivi, kila mtu anaelewa. Na lifti ya huku haijawahi kuwa ya bure sana. Mtu anaenda ushago Ijumaa jioni na gari yake, ako na viti vitatu havina mtu, anapita Kangemi polepole dirisha limeshushwa anaita "Nakuru, Nakuru, Nakuru", na kuna mama ameshikilia kuku na kuna wewe, mnaingia, mnaongea bei ndani. Hiyo ndio lifti ya Kenya. Anataka kitu ya mafuta na siwezi kumlaumu, Septemba 2023 lita ya petroli hapa Nairobi ilifika 211 na senti, nani atakubeba kwa roho safi na bei kama hiyo? Sai hata kusimama Kangemi sio lazima, kuna magrupu ya WhatsApp mtu anaandika natoka tao saa kumi niko na nafasi mbili mpaka Kisumu, unatuma M-Pesa, mnapatana Westlands. Inafanya kazi vizuri, ila ukishalipa kabla ya kupanda wewe ni abiria tu kama abiria wengine.

Upande wa Mombasa Road mambo yaliharibika kidogo ile Expressway ilipofunguliwa 2022. Kilomita 27 kutoka Westlands mpaka Mlolongo, na wenye gari ndogo, wale ambao zamani wangekuona umesimama Cabanas wakuhurumie, wanapita huko juu hewani hata hawajui uko. Kwa hivyo usihangaike na huku ndani ya jiji, panda mathree mpaka Mlolongo ama Athi River ndio uanze safari yako. Malori yenyewe yanalala hapo.

Malori sasa ndio stori. Zamani tanboi ndiye ulikuwa unaongea naye, unampa kitu kidogo, unalala nyuma ya viti kwa kile kitanda cha kabini. Siku hizi trela ya kampuni iko na traka, zingine ziko na kamera inaangalia ndani, na kama ni mzigo wa transit unaenda Uganda ama Rwanda basi umefungwa sili ya elektroniki ya KRA, watu wa ushuru, inayoonyesha lori iko wapi kila saa, dere akisimama mahali pasipo pake anapigiwa simu. Hataki kesi na hawezi kuhatarisha kazi juu yako. Halafu kuna ile miaka mizigo ililazimishwa kupanda SGR, ile reli mpya, Mtito Andei na Mariakani watu walifunga malojing na vibanda, mpaka Ruto alipoapishwa Septemba 2022 akasema kontena zirudi kutolewa Mombasa. Malori yamerudi barabarani, lakini dere wa kampuni kubwa ni kama amekufa kwa hii story yetu. Wenye wanabeba watu ni wale wa lori za mtu binafsi, wanaobeba nyanya, mbao, simiti, mchanga, ng'ombe, na wanabeba kwa sababu moja tu, usiku ni mrefu na wanataka mtu wa kuwaongelesha wasilale.

Mzee mmoja alinibeba hivyo kutoka Mlolongo tukienda Mombasa, lori yake mwenyewe, ameweka thamosi ya chai katikati ya miguu na miraa kwa dashibodi imefungwa na gazeti. Tukapita Emali hajasema kitu. Halafu:

"Kijana, unaenda kwa nani Mombasa?"

"Siendi kwa mtu mzee, natembea tu."

Akanyamaza karibu kilomita mbili. Nikaona anafikiria.

"Umekosana na bibi?"

"Hapana mzee."

"Ni deni?"

Nikamwambia sina deni. Hakuniamini, na nikajua hivyo juu kutoka hapo alianza kunishauri, polepole na kwa heshima, vile mtu anashauri kijana ametoroka nyumbani, ati hata yeye 2009 alikuwa na deni ya lori na alifikiria kupotea lakini alirudi akaongea na watu. Mariakani kabla ya mizani akaniambia shuka hapa, tembea hapo kando pole pole kama mtu wa hapa, utanikuta mbele, na kweli nikamkuta mbele ananingojea taa zimezimwa. Tulipofika alikataa pesa. Akasema niende nikapige simu nyumbani.

Sasa hapo ndio shida yenyewe. Kenya hakuna mtu hukuuliza unaenda wapi akaridhika na jina la mji. Anataka kujua unaenda kwa nani. Kwa shangazi, kwa rafiki mlisoma naye, kwa harusi, kwa kazi, kwa mganga hata, yoyote ni sawa bora kuwe na mtu upande ule mwingine. Mtu mzima, Mkenya, ako na afya, anazunguka bila kwenda kwa mtu? Huyo ni mwizi, ama ametumwa, ama ameugua kichwa, ama anatoroka kitu. Mzungu akisema natembea tu anaambiwa karibu Kenya na anapewa ndizi. Wewe ukisema natembea tu chifu anapigiwa simu.

Na hii si roho mbaya ya watu wetu, iko na historia. Babu zetu kuanzia miaka ya 1920 hivi walivaa kipande, yaani kitambulisho cha mkoloni, shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma, kila mwanaume wa miaka 16 kwenda juu, inaonyesha unafanyia nani kazi, na ukipatikana mjini bila maelezo unarudishwa. Kilitolewa shingoni 1947. Lakini Sheria ya Uzururaji yenyewe ilikaa kwa vitabu vya Kenya huru mpaka 1997, yale mabadiliko ya IPPG, wabunge wa vyama vyote walipokubaliana kabla ya uchaguzi, ndiyo yaliifuta. Kwa hivyo kizazi cha wazazi wetu kimekulia nchi ambayo kutembea bila sababu kulikuwa kosa, wewe unashangaa aje nyanya mzee wa mji wa Wote akikuangalia vibaya na begi lako?

Hata kabla ya hapo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, huyo si ndiye baba wa kuzurura, alipita pwani yetu 1331, na meli yake ilipotia nanga Mogadishu vijana walikuja na mashua wamebeba chakula kimefunikwa, kila mmoja anashika mfanyabiashara wake, "huyu ni mgeni wangu", na hapo huyo mfanyabiashara hawezi kwenda kukaa kwa mwingine. Yeye kwa sababu alikuwa msomi wa dini akachukuliwa na kadhi. Umeona? Mtu aliyetembea dunia miaka na miaka, na bado kila bandari ilibidi awe mgeni wa mtu. Mombasa alilala usiku mmoja akaendelea Kilwa. Mi naona huyo ndiye wa kuiga, kuliko hawa wa kulala kwa hema kando ya barabara wakidhani hiyo ndio uhuru.

Kuna mahali pamoja tu najua hutaulizwa kwa nani, na ni Makindu, kwa hekalu la Masingasinga. Kama hujawahi simama hapo unapoteza. Walijenga 1926, Masingasinga wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote, dini yoyote, anakula bure na akitaka kulala analala. Unavua viatu, unafunika kichwa na kitambaa utapata hapo kwa mlango, unanawa, unachukua sahani ya stili ile iko na vyumba vyumba, unapakuliwa dengu, wali, mboga, chapati inatoka moto, chai ya maziwa tamu kupita kiasi. Unaosha… sijui wengine wanaosha wengine hawaoshi, mi huosha. Mara ya kwanza nilikaa nangoja mtu aje kuniuliza maswali. Hakuna aliyekuja. Mzee wa kilemba alipita akaniuliza tu kama nimeshiba, akaenda kuongea na familia ya Machakos ilikuwa na watoto wanapiga kelele. Kuna sanduku la sadaka, unaweka ukiwa nayo.

Kaskazini ni story nyingine kabisa. Wale walienda Moyale zamani wanajua, unakaa Isiolo unangoja msafara na askari, halafu unapanda juu ya lori ya ng'ombe, sio ndani, juu, kwa vyuma, umeshika kamba siku mbili na vumbi la jangwa la Dida Galgalu linakuingia mpaka masikio. Hiyo ilikuwa lifti ya wanaume na wanawake shujaa. Sai ni lami mpaka mpakani, basi inatoka Isli (Eastleigh, Nairobi) jioni asubuhi uko Moyale umelala njia yote, na watu wa huko wamefurahi na wako na haki ya kufurahi, mgonjwa anafika hospitali. Lakini lifti iliisha na lami. Barabara ikiwa mbaya watu wanabebana, ikiwa nzuri basi linakuja na kila mtu ananunua tiketi yake.

Kuvuka mipaka kwa kweli ni rahisi kuliko zamani, hii wengi hawajui. Uganda na Rwanda tangu 2014 unaingia na kitambulisho tu, Tanzania beba pasi, Ethiopia sisi Wakenya hatuhitaji viza. Cheti cha homa ya manjano usisahau. Ile ndoto ya kupanda mpaka Cairo ndio iweke kando, vita vya Sudan tangu Aprili 2023 vimefunga hiyo njia.

Sasa kuishi hivyo, yaani iwe maisha, sio likizo? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mi nimeona hiyo ikifanya kazi vizuri sana, mtu anakaa Kitale msimu wa kuvuna mahindi, anaenda pwani, anarudi Mwea wakati wa mpunga, anakula na analala. Wapo wengi kuliko unavyodhani, ni vile tu hawajiiti wasafiri, wanajiita watu wa kutafuta. Kitu kinamaliza pesa si nauli wala chakula, ni simu, bando na kuchaji na ile Fuliza, mkopo wa M-Pesa, inakula kila kitu kikiingia.

Wasichana wananiuliza pia. Sitawadanganya, hesabu yenu ni tofauti na si haki. Dadangu anatembea kunishinda mimi, lakini yeye ni basi la mchana, siti ya mbele, na kila mji ako na mama fulani wa kanisa anamngoja steji. Lori ya usiku hapandi. Na kwa wote, mke kwa mume, soda ama maji ya mtu usiyemjua usinywe, mchele, zile dawa za kulewesha mtu aibiwe, haujaisha barabara hii.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, usianze na begi, anza na majina. Uliza mamako ako na nani Bungoma, uliza fundi wako wa viatu kwao ni wapi na nani amebaki, uliza mlinzi wa ploti. Kila mtu Nairobi ametoka mahali, na atafurahi kukupa namba ya kakake na kukutuma na salamu na pengine na kilo mbili ya sukari. Ukibeba sukari ya mtu huulizwi tena kitu.

Mi mwenyewe mwaka huu nataka Lodwar, nipitie Kitale, Kapenguria, niteremke Marich mchana, Kainuk nivuke na watu wengi juu hapo huwa hapana mchezo. Kitale niko na mtu, Kapenguria niko na mtu. Lodwar sina. Kama uko na binamu huko, ama jirani wa binamu, ama mwalimu alihamishwa huko, niandikie jina na unichagulie cha kumpelekea.