Neno "yaya" katika rufaa ya jirani yangu

Barua ya kumnyima hifadhi jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, mwenye kibanda karibu na soko la Kongowea hapa Mombasa, ilikaa siku tisa ndani ya mfuko wa sukari kabla hajaniletea. Ilikuwa ya Kiingereza, naye husoma Kifaransa, akadhani ni wito wa kawaida. Nilipoona tarehe nilishtuka, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 humpa aliyekataliwa siku 30 za kukata rufaa, na za kwetu zilikuwa zimebaki 21.

Mimi si wakili. Nina mafunzo ya usaidizi wa kisheria tu. Usiku ule niliandika kurasa nne za kusimulia upya masaibu yake, na wakili niliyemwonyesha alinirudishia akisema kwamba sijaijibu sababu iliyotolewa. Sababu yenyewe ilikuwa mstari mmoja: maelezo yake yanapingana. Yanapingana wapi, barua haikusema.

Kwa ushauri wa wakili huyo tuliomba nakala ya kumbukumbu za mahojiano, tukitegemea Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza, ambayo inataka pia apewe maelezo na ushahidi uliotegemewa. Niliipeleka barua ya maombi hayo kwa mkono na sikuondoka mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, maana siku zikianza kubishaniwa, asiye na muhuri hana lake.

Kumbukumbu tulizisomea kibandani, mimi nikimfasiria, yeye akiweka mkasi chini kila tulipofika jambo alilolikumbuka vingine. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba waliovamia nyumba walimuua mtumishi wa kulea watoto. Alikunja uso.

"Mtumishi gani, Mama? Mimi nilisema yaya yangu."

Kwa Kiswahili cha kwao, yaya ni ndugu mkubwa. Kwetu Mombasa ni mlezi wa watoto. Katika fomu yake ya kwanza, aliyoijaza kwa Kifaransa, aliyeuawa alikuwa kaka. Huo ndio ukinzani wote. Hakupewa mkalimani kwa kuwa "anajua Kiswahili", wala hakuna aliyemuuliza mbona huku kaka na huku mtumishi.

Rufaa tuliyowasilisha siku ya 28 ilisimama juu ya mambo mawili tu: kwamba hakupewa nafasi ya kuijibu hoja iliyomwangusha, na kwamba alihojiwa kwa Kiswahili ambacho si chake. Tuliambatanisha kiapo cha mchungaji Mkongomani anayeishi Likoni, aliyelieleza neno hilo kwa mifano. Nakiri niliogopa kwamba kesi ya neno moja ingeonekana mzaha.

Baada ya miezi kadhaa kamati ya rufaa ilibatilisha uamuzi na kuagiza ahojiwe upya na ofisa mwingine. Safari hii mkalimani alikuwepo, nami niliruhusiwa kuketi nyuma. Fundi alipotamka "yaya yangu", kalamu ya ofisa ilisimama. Hakumtazama mkalimani; alimgeukia fundi mwenyewe.

"Huyo yaya ni nani kwako?"

"Ndugu yangu mukubwa," alijibu. "Baba moja, mama moja."