Alien: neno la umiliki kabla ya kuwa neno la ugeni

Anayepewa ukaazi wa kudumu hapa Marekani hupewa pia namba inayotangulizwa na herufi A, na herufi hiyo inasimamia neno alien. Akihama nyumba, hata kama amevuka barabara tu, sheria inamtaka atoe taarifa ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, ambayo jina lake rasmi linamwita kwa neno hilohilo, na msimu wa kodi ukifika mamlaka ya mapato nayo ina mwongozo mzima uliotungwa kwa ajili ya watu wa jina hilo. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tulilifahamu neno hili kwanza kwenye sinema, likiwa jina la viumbe wenye vichwa vikubwa wanaoshuka kutoka angani, kwa hiyo kulikuta kwenye karatasi za serikali kunakera. Ndugu zetu Wakongomani ambao huwa nawasaidia kujaza fomu husema tu "namba ya A", na sioni sababu ya kuwafafanulia zaidi isipokuwa wameuliza.

Hata hivyo, neno lenyewe lilikuwapo karne nyingi kabla ya sinema, na maana yake ya kwanza haikuwa ugeni. Katika Kilatini, alius ni "mwingine", na alienus ni "wa mwingine" au "cha mwingine", yaani ni neno la kueleza mali au jambo ni la nani. Deni waliliita aes alienum, fedha ya mwingine. Mtunzi wa tamthilia Terentius, ambaye Warumi walimwita Afer, yaani Mwafrika, na ambaye husimuliwa kuwa alizaliwa Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, akapelekwa Roma akiwa mtumwa, ana mhusika anayeulizwa na jirani yake kwa nini anajishughulisha na mambo ya watu wengine, naye anajibu kwamba yeye ni binadamu, na hakuna la kibinadamu analolihesabu kuwa alienum kwake. Jibu hilo hunukuliwa siku hizi kama tamko kuu la utu, ingawa pale jukwaani lilikuwa utetezi wa mtu mdaku.

Neno lilipita katika Kifaransa cha kale na kuingia katika Kiingereza katika karne ya 14, na wanasheria wakalishika kwa maana ileile ya umiliki. Kesi iliyoliwekea msingi ni ya mwaka 1608. Mfalme James wa Scotland alikuwa amerithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603, na ikabidi mahakama iamue kama mtoto Robert Calvin, aliyezaliwa Scotland baada ya hapo, angeweza kumiliki ardhi Uingereza, kwa kuwa alien hakuruhusiwa kuimiliki. Lugha ya mtoto huyo na desturi za kwao hazikuamua lolote. Lililoamua ni yeye ni wa mfalme gani, na kwa kuwa mfalme alikuwa mmoja, majaji walisema si alien. Wageni halisi, Waholanzi na Wafaransa kwa mfano, walisubiri hadi sheria ya mwaka 1870 ndipo wakaruhusiwa kumiliki ardhi ya Uingereza kama raia.

Upande wa umiliki haujafa katika Kiingereza, ila umejificha. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linataja haki ambazo ni "unalienable", maana yake haki ambazo mtu hawezi kuzihamisha zikawa za mwingine. Kwa hiyo neno ambalo Wamarekani hulitamka kwa fahari kila tarehe 4 Julai na lile lililo nyuma ya namba yangu yametoka katika shina moja, jambo ambalo hufurahia sana kuwaambia wenzangu kazini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 62, inapoeleza ardhi ya umma inaanza na ardhi ya serikali ambayo kwa Kiingereza ni "unalienated", yaani ambayo haijawahi kupewa mtu.

Marekani ilianza mapema kulitumia neno hili kwa hofu. Mwaka 1798 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizompa rais uwezo wa kuwafukuza watu walioitwa alien, na ile inayowahusu raia wa nchi adui ingali inatumika. Mwaka 1940 ikaja sheria ya kuwaandikisha na kuchukua alama za vidole za wasio raia wote waliofikisha umri wa miaka 14, na huko ndiko zilikoanzia namba zetu. Viumbe wa sayari nyingine walipewa jina hili na waandishi wa hadithi za kisayansi wa karne ya 20, ambao kwa kweli walilikopa kutoka kwa wahamiaji.

Mwaka 2021 idara ya uhamiaji iliagiza watumishi wake waandike "asiye raia", kisha serikali iliyoingia mwaka 2025 ikarudisha neno la zamani. Binafsi naona "asiye raia" ni bora, kwa sababu linasema kile ambacho sheria inakusudia bila kumvalisha mtu mkia. Lakini sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952, yenye tafsiri rasmi ya alien, haikuguswa na agizo lile.

Sisi Watanzania swali la Robert Calvin linatusubiri pia nyumbani. Mtu mzima akichukua uraia wa Marekani hupoteza ule wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana mazungumzo ya hadhi maalumu kwa wanadiaspora, hata yakianzia kwenye viza, huishia kwenye viwanja.