Mapengo Katika Hindi na Mpapai Usiozaa

Shamba la mama yangu liko Maseno, karibu na mahali ambapo Ikweta inakatiza barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Si shamba kubwa: ni robo ekari ya mahindi na maharagwe, migomba michache kuelekea kijitoni, mboga kando ya jiko, na mpapai mmoja nyuma ya ghala. Tangu mama apungukiwe na nguvu za kushika jembe, mimi ndiye ninayetoka Kisumu kila Jumamosi kwenda kulitunza. Ninaandika haya kwa sababu kwa misimu miwili niliilaumu ardhi kwa makosa ambayo hayakuwa yake, na ninaamini wako wakulima wengi wanaomwaga mbolea mahali ambapo wangepaswa kwanza kuinama na kulitazama ua.

Mambo yaliyonisumbua yalikuwa matatu. Mahindi niliyoyapanda kwa mistari miwili mirefu kando ya njia yalikuwa na mabua manene na majani ya kijani kibichi, lakini nilipoyamenya nilikuta mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Pili, miongoni mwa punje hizo nyeupe zilikuwamo punje za manjano hafifu, ingawa mbegu niliyoipanda ilikuwa nyeupe tupu. Tatu ni ule mpapai, ambao kwa mwaka mzima ulichanua maua mengi kuliko mmea wowote uani, wala haukutoa hata papai moja. Nilinunua mbolea, nikaongeza samadi, nikachota majivu ya jikoni, na hakuna kilichobadilika. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mambo yote matatu yalikuwa na asili moja: mmea hauwezi kung'oka ulipoota ukamfuate mwenzake, na kila jamii ya mmea imepata njia yake ya kuushinda ugumu huo.

Nianze na mahindi, kwa kuwa ndiyo yaliyonifunza zaidi. Mmea wa mahindi hubeba maua ya aina mbili katika sehemu mbili. Kileleni ipo mbelewele, ambayo ni ua la kiume, nayo humwaga chembe za chavua kwa mamilioni. Ua la kike ni lile hindi changa lililofichwa ndani ya maganda ubavuni mwa bua, na zile nywele ambazo watoto huzichezea ndizo njia ya kuingilia. Kila unywele umeungana na punje moja tu. Chembe ya chavua ikiangukia unywele, huota mrija mwembamba unaoteremka ndani yake mpaka kwenye yai, safari inayoweza kuzidi sentimita 20 na kumalizika katika muda wa siku moja. Unywele usiopata chavua huacha nafasi tupu kwenye gunzi. Kwa hiyo kila pengo nililoliona lilikuwa ni unywele mmoja uliongoja bure.

Kwa nini ulingoja bure? Mahindi hutegemea upepo, si nyuki, na sehemu kubwa ya chavua huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea ulioitoa. Mistari miwili mirefu ni mpango mbaya kwa mmea wa namna hiyo, kwa maana upepo ukivuma kutoka upande mmoja huichukua chavua na kuimwaga njiani au kwenye nyasi za jirani. Mahindi yale yale yakipandwa kwa mistari minane mifupi iliyokaa pamoja kama mraba, kila hindi huwa limezungukwa na mbelewele pande zote. Tena ukame ukija wakati wa kuchanua, nywele huchelewa kutokeza ilhali mbelewele haingoji, na chavua yenyewe haidumu: katika jua kali na hewa kavu hufa upesi. Ndiyo maana wiki mbili za kiangazi katikati ya msimu huumiza kuliko wiki mbili kama hizo mimea ikiwa bado michanga. Nywele za kitako cha hindi hutangulia kutokeza na za ncha huwa za mwisho, na kwa hiyo mara nyingi ncha ndiyo inayobaki na upara.

Ukitaka kustaajabu zaidi, hesabu safu za punje kwenye hindi lolote zima. Mara nyingi utapata 12, au 14, au 16. Idadi huwa shufwa, kwa sababu vijiua vya kike hujipanga viwili viwili tangu hindi linapoanza kuumbika. Nimewahesabisha wapwa zangu mahindi mengi jikoni kwa mama, nao bado wanatafuta lile litakalovunja kanuni hiyo.

Zile punje za manjano zilinipa shida kuzielewa hadi nilipojua kwamba katika mimea inayotoa maua utungisho hutokea mara mbili kwa pamoja. Mrija wa chavua huleta chembe mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mmea mpya. Ya pili huungana na viini viwili vilivyomo katikati ya kifuko kile kile kilicholibeba yai, na muungano huo huzaa akiba ya chakula itakayomlisha mtoto huyo wakati wa kuota. Mrusi Sergei Nawaschin ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1898 baada ya kuchunguza maua ya jamii ya mayungiyungi. Kwa mahindi, akiba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya punje, ndiyo wanga tunaousaga, na kwa hivyo ugali wetu wa kila jioni ni matunda ya utungisho ule wa pili. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua hupanda mahindi ya manjano kwa ajili ya kuku wake. Chavua yake ilipofika kwenye nywele za mahindi yangu, rangi ya baba ilionekana katika akiba hiyo msimu ule ule, bila kungoja kizazi kijacho, na ilikuwa hafifu kwa sababu viini viwili vya mama vilikuwa vyeupe na kimoja tu cha baba kilikuwa cha manjano. Nilikuwa tayari nimemshuku mwuza mbegu, na ninamwomba radhi moyoni.

Maharagwe tuliyoyachanganya na mahindi hayo hayana shida ya namna hii hata kidogo. Ua la haragwe limefungwa kama bahasha, na chavua yake humwagikia sehemu ya kike ya ua hilo hilo kabla au wakati tu linapofunguka. Nyuki akija, mara nyingi huwa amechelewa. Kwa kuwa haragwe karibu kila mara hujitungisha lenyewe, mtoto hufanana na mzazi, na ndiyo sababu shangazi yangu anayeishi kiambo cha pili amepanda rosekoko ile ile tangu kabla sijazaliwa, akichagua kila mwaka kibuyu kimoja cha mbegu. Mahindi chotara hayakubali desturi hiyo. Mbegu ya dukani ni mtoto wa wazazi waliochaguliwa na kupandanishwa kwa makusudi, na ukipanda punje ulizozivuna, sifa zile hutawanyika: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, mavuno yakashuka. Nimewasikia watu wakisema kwamba kampuni hutia dawa ili mbegu isizae tena. Si dawa, ni namna tu ambavyo urithi hugawanyika pale mimea inapochanganya chavua yake kila msimu.

Tofauti kati ya mimea hii miwili huanza mapema zaidi, kabla hata ya ua. Mwaka jana mbuzi waliingia shambani wiki ya tatu baada ya kupanda, wakala kila kitu hadi usawa wa udongo. Mama alinizuia nisipande upya mahindi, akaniambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, hayo yatarudi." Na kweli, baada ya siku kumi mahindi yalikuwa yamesimama tena, lakini maharagwe hayakurudi kamwe. Hindi linapoota, jani lake la mbegu ambalo ni moja tu hubaki chini, na ncha inayokua hukaa ndani ya udongo mpaka mmea uwe na majani matano au sita hivi. Mbuzi alikula majani, hakuufikia uhai wenyewe. Haragwe huinua juu vipande vyake viwili vya mbegu pamoja na ncha yake, na anayelikata chini ya hapo huwa amelimaliza.

Migomba ni ya ukoo wa jani moja la mbegu kama mahindi, ingawa huwezi kuiona mbegu hiyo. Kinachoonekana kama shina ni makanda ya majani yaliyokumbatiana; shina la kweli limo ardhini, na humo ndimo ua linapoanzia safari kupitia katikati hadi kuchungulia juu. Ndizi tunazokula nyingi zina seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, badala ya mbili, kwa hiyo haziwezi kutengeneza mbegu, na tunda hunenepa bila utungisho wowote. Vile vidoa vyeusi katikati ya ndizi mbivu ndivyo mabaki ya mbegu ambazo hazikuumbika, wakati ndizi za mwituni zina mbegu ngumu tele. Mgomba huzaa mkungu mmoja ukafa, na vichipukizi vilivyouzunguka huendelea, kila kimoja kikiwa nakala ya mama yake. Faida yake ni uhakika. Hasara yake ni kwamba ugonjwa unaoweza kuuua mmoja unaweza kuua yote, kama tulivyojionea huku magharibi ulipoingia mnyauko wa bakteria. Wadudu huubeba kutoka ua moja la kiume hadi jingine, lile fundo la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Mara chane ya mwisho inapotokeza, mimi hulivunja fundo hilo kwa kijiti chenye panda, wala situmii kisu, kwa maana kisu chenyewe huhamisha ugonjwa.

Kuna mmea mmoja shambani ambao ningependa usizaliane, nao unazaliana kuliko yote. Ni kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo: maua yake ya waridi ni mazuri, nayo humtia mkulima huzuni. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki kwa mvua peke yake. Hungoja zihisi kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, kisha huota, hujishikiza kwenye mzizi na kunyonya. Mmea mwenyeji hutoa kemikali hizo ili kuwaita kuvu wa udongoni wanaousaidia kupata fosforasi, na udongo unapokuwa umechoka, mwito huwa mkubwa zaidi. Kiduha kimejifunza kuuitikia mwito usiokuwa wake. Ndiyo maana shamba lililochoka hukipata kwa wingi.

Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, walioko Mbita, Homa Bay, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba ukipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha na kuzizuia zisijishikize, nazo hufa kwa kukosa wa kumnyonya. Wakulima huuita mpango huo vuta-sukuma, kwa sababu desmodiamu pia huwafukuza nondo wa funza wa mabua na nyasi za nepia pembezoni huwavuta. Nimeupanda katika nusu ya shamba. Msimu huu nimeng'oa kayongo chache sana upande huo, na upande wa pili bado ninajaza karai.

Sasa nirudi kwa mpapai. Shangazi aliutazama mara moja tu, akaniambia, "Mwanangu, huu ni dume. Ukate." Mipapai mingi ya kienyeji hugawanyika katika miti ya kiume na miti ya kike. Maua ya dume huning'inia kwa wingi kwenye vikonyo virefu vyembamba, na ya jike hukaa machache, makubwa, yakiwa yamebana kwenye shina. Dume hutoa harufu tamu jioni na huwa na asali. Jike halina asali ya kumpa mgeni. Nondo wakubwa wanaoruka wakati wa magharibi hulitembelea kwa kulidhania kuwa ni dume, na katika kosa hilo huliachia chavua. Dino Martins, mwanasayansi Mkenya wa wadudu, aliwachunguza nondo hao kwenye mashamba ya mipapai ya Bonde la Kerio, akaonyesha kwamba huvitegemea vichaka vya asili vilivyo jirani na mashamba. Kwa hiyo sikuukata mpapai wangu, na pia nimeacha kufyeka kile kichaka cha kijitoni ambacho mama alikuwa akinihimiza nikisafishe.

Badala ya kuukata nilichimba mashimo sita mwezi wa Mei na kupanda miche mitatu katika kila shimo. Mche wa mpapai hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka uchanue, na mbegu zikitokana na jike na dume, kila mche una nafasi sawa ya kuwa huku au kule. Uwezekano wa shimo kupata madume matatu ni mmoja kwa nane. Miche imenifika kiunoni sasa. Matumba ya kwanza nayatarajia kabla ya mwaka kwisha, na yale yatakayoning'inia kwenye vikonyo virefu nitaing'oa miti yake, isipokuwa kama ule wa zamani nyuma ya ghala utakuwa umeanguka kwa upepo, na hapo nitauacha mmoja.