Nilivyoikomboa kadi yangu ya benki kwa kausha damu

Kuanzia Mei 2023 mpaka Februari 2024 kadi yangu ya benki nlikuwa sinayo mimi, alikuwa anakaa nayo kaka mmoja hapa Dodoma mjini mwenye kiofisi cha mikopo, na namba ya siri anaijua. Mshahara ukiingia anaenda ATM yeye, anatoa chake, kinachobaki ananirushia kwenye simu. Wanaojua wanajua, ndo kausha damu yenyewe, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Na wakati huo huo mi ni mtumishi wa serikali, nina digrii, nina gari IST nyeupe, nakaa Ilazo nyumba ya geti, ukiniona asubuhi naingia Mtumba kwenye ofisi za serikali na miwani yangu ungesema huyu dada maisha kayapatia.

Nilifikaje huko? Mi ni mtoto wa Kibaigwa, mama yangu anauza mahindi pale mpaka leo. Nilihamia Dodoma mjini 2021 kutoka wilayani, nikakuta ofisi imejaa watu waliohama na serikali kutoka Dar, na sisemi ni wabaya, ila walikuwa na namna yao. Chai hawanywi ya chupa, weekendi wanaenda Dar wanarudi, watoto wanasoma shule za mabasi ya njano. Mi kule wilayani nilikuwa naonekana wa juu, hapa nikajikuta ndo yule anayeulizwa "kwani wewe Mgogo kabisa?" huku wanacheka. Nikacheka nao, ila iliniuma bana, na nadhani ile IST niliinunua siku ile ile kichwani, hela ndo ilichelewa.

2022 nikavuta mkopo wa benki milioni 11, miaka mitano. Niwape hesabu maana watu huwa hawaelewi mshahara wa mtumishi unaishia wapi. Msingi wangu ulikuwa 900,000. Toa kodi, toa PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5, toa bima asilimia 3, toa chama cha wafanyakazi, toa bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15 ya msingi (hiyo inauma kuliko zote), inabaki laki tano na themanini na kitu. Rejesho la benki likala kama 270,000. Utaratibu ni kwamba theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki, kwahiyo kwenye slipu mi nlikuwa sawa kabisa kisheria, imebaki laki tatu na kidogo. Kodi ya Ilazo 200,000. Fanya mwenyewe hiyo hesabu, mafuta ya gari hujaweka, kula hujaweka.

Sasa benki wakishakubana kwenye theluthi ndo unaanza kutoka nje. Nikaingia kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, nikakopa, nikaingia kwenye zile apu za mikopo ya simu, unakopa 60,000 inakuja 42,000 na baada ya siku saba wanataka 60,000 yote, ukichelewa wanatuma meseji kwa watu waliomo kwenye simu yako. Mjomba wangu alipigiwa akiwa msibani Mpwapwa anaambiwa mwambie mpwa wako alipe deni. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza kuzifungia apu 69 nilisoma orodha nzima kama nasoma matokeo ya mtihani, nikawakuta marafiki zangu wawili humo.

Halafu kuna mambo ya ofisini. Kila Alhamisi alikuwa anakuja dada mmoja na begi lake, vitenge, pafyumu, viatu, mikoba, anafungua pale pale juu ya meza. "Shosti hii imekuja kwa ajili yako, chukua utanipa mwisho wa mwezi." Ana daftari la kaunta limechakaa pembeni, kila mtu ana ukurasa wake, na aisee nilipoona wangu ukurasa umejaa akanihamishia ukurasa wa pili, nilijisikia kama nimepandishwa daraja. Michango ya harusi nayo, kadi singo 50,000, dabo laki, mi naahidi dabo wakati sina hata mtu wa kwenda naye.

Yule wa kausha damu nilimfuata kwa 500,000 ya kodi ya nyumba, anarudishiwa 650,000 kwa mwezi, asilimia 30. Kwa wakopeshaji wa aina hiyo wenye leseni Benki Kuu imeweka mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi, ila hayo nimekuja kuyajua baadae, na hata ningejua ningesaini tu maana mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Kilichofuata ni kwamba kila mwezi anachukua 150,000 ya riba, ile 500,000 ipo pale pale, na mwezi wa nne nikaongeza 300,000 nyingine.

Siku iliyonigeuza haikuwa kubwa. Desemba 2023 nimeenda Kibaigwa, sina hata zawadi, nimeweka mafuta ya 20,000 niliyokopa. Mama akaiangalia ile gari muda mrefu akaniuliza, "Mwanangu, hii kwa mwezi inakula nini?" Nikaanza kumwambia mafuta, bima, sevisi, ghafla nikajikuta nimeanza kusema yote, kadi, apu, kikoba, vitenge, nalia kama mtoto. Sikutegemea aelewe habari za riba, kumbe anaelewa kuliko mimi, akanisimulia mwaka wa njaa alikopa debe moja la uwele akarudisha mawili baada ya mavuno, na wakati analipa alikuwa anapita njia ya nyuma asionekane na majirani. Akasema kosa lake lilikuwa ile njia ya nyuma, maana kuna jirani alikuwa na uwele wa kumpa bure ila hakujua kama ana shida.

Usiku ule tukaandika madeni yote nje ya benki kwenye daftari lake la mahindi. Kikoba 1,200,000. Kausha damu anadai 1,300,000, mi nashangaa hesabu kaitoa wapi. Wenzangu ofisini 650,000. Mangi wa duka la mtaani 96,500, hii ndo iliniaibisha kuliko zote, yani sabuni na mayai. Ukiweka na zile apu na dada wa vitenge, jumla ikaja 4,601,500.

Januari nikatangaza gari. Mnunuzi akapatikana ofisi hiyo hiyo, idara nyingine, 8,300,000, kwahiyo kwa mwaka mzima uliofuata nimekuwa nikishuka kwenye daladala Mtumba naipita IST yangu imepaki kivulini. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nazunguka upande wa pili ili wasinione. Halafu nikakumbuka njia ya nyuma ya mama, nikaacha.

Kausha damu nilijipanga. Kwanza nikaenda benki nikafungia ile kadi, nikapewa nyingine. Akapiga simu anafoka kwamba nimemwibia, nikamwambia kaka tukutane kwa mtendaji wa mtaa nakuletea hela yako. Nilikuwa na meseji zote za makato alizotoa ATM, nimeziandika tarehe na kiasi. Mtendaji akajumlisha kwa kalkuleta ya simu, akamwangalia, akajumlisha tena. Mwisho tukakubaliana nimpe ule msingi 800,000 na riba ya mwezi mmoja, tukasaini wote. Nikamwambia na kadi yangu naitaka. Akasema si imeshakufa? Nikasema naitaka hivyo hivyo. Akatoa mfukoni bunda la kadi limefungwa rababendi, aisee zilikuwa kama arobaini, kila moja ina kipande cha plasta nyuma kimeandikwa jina na namba ya siri kwa peni. Nimeona majina mawili ninayoyajua. Mmoja ni yule yule aliyeniuliza kama mi Mgogo kabisa.

Iliyobaki nikahama Ilazo nikaenda Nzuguni, vyumba viwili 80,000, na ni karibu zaidi na kazini kuliko kule. Milioni tatu nikapeleka benki kupunguza mkopo, ukabaki ule unaovumilika, bado nakatwa mpaka 2027. Michango sasa nasema singo, au nasema mwezi huu sina, na hakuna harusi iliyovunjika.

Yule dada wa vitenge deni lake nililimaliza, tukafuta kurasa zote mbili. Bado anakuja kila Alhamisi. Mwezi uliopita nikataka doti moja, nikamwambia nalipa sasa hivi keshi. Akasema 35,000. Nikashangaa maana kwenye daftari vitenge kama hivyo alikuwa ananiandikia 55,000, nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hukuniambia kama keshi ina bei yake?

"Shosti," akasema huku anakunja begi, "wewe ulikuwa huulizi bei, ulikuwa unauliza rangi gani zimebaki."