Casera

Mwezi wangu wa kwanza hapa Baños, Ekwado, nililipa dola 320 kwa chumba nilichokipata mtandaoni, dirisha linatazama maporomoko ya maji. Sasa nalipa 160, mtaa wa pili kutoka pale, dirisha linatazama banda la kuku. Chumba hiki hakikutangazwa popote. Nilikipatia sokoni.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu, wiki haiishi bila ndizi za kupika. Nikawa nachukua ndizi mbichi na muhogo kwa mama mmoja, yeye yule yule kila Jumapili. Wiki ya tatu akaniita casera. Huku muuzaji na mteja wake wa siku zote wanaitana hivyo hivyo, yeye kwako, wewe kwake. Tangu siku hiyo, nikishalipa, ananitupia kitu juu kwenye kikapu: ndimu mbili, kitunguu, kifungu cha giligilani. Ni nyongeza, wao wanaiita yapa. Nilipomwambia kodi inanimaliza, alifuta mikono kwenye aproni, akachukua simu akampigia dada yake.

Kwa hiyo anayeniuliza maisha ya huku yanagharimu kiasi gani namjibu: inategemea umeshajulikana na nani. Chagua mtu wako wa mboga na wako wa mikate, udumu nao. Na utembee na sarafu. Nchi inatumia dola ya Marekani tangu 2000, lakini ukitoa noti ya 20 sokoni, chenji hupati.

Mji uko kwenye mita 1,800 hivi, chini ya volkano ya Tungurahua, na hali ya hewa yenyewe inaokoa pesa: sina hita, sina feni. Gesi ya kupikia ina ruzuku ya serikali. Mchana nakula supu, wali na kuku, na glasi ya juisi kwa dola 3.

Maji moto naenda alfajiri, kwenye mabwawa ya Bikira Maria, kofia ya kuogelea kichwani maana ni lazima. Maji ni ya kahawia kwa madini, unaingia kidole kwa kidole. Joto lake linatoka Tungurahua, mlima ule ule uliowahi kuwafukuza watu wa mji huu. Mwenye nyumba wangu aliniambia Oktoba 1999 mji mzima ulihamishwa, volkano imeamka. Januari 2000 wananchi walipita kwa nguvu kwenye kizuizi cha wanajeshi, wakarudi makwao. Yeye alikwenda moja kwa moja bandani. Alikuta kuku wawili wangali hai.